Kijiko Kimoja, Kisha Ngoja

Wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki na mtoto asiyeweza kushika shingo, sogea kidogo nami nikae. Sikujii na dawa, sina. Mimi ni mzee wa mtaa wa Mabawa, nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa stoo katika kiwanda cha kamba hapa Tanga mpaka kazi yenyewe iliponiacha. Ninachokuja nacho ni makosa yangu, na jinsi mwanangu alivyoponea chupuchupu katika makosa hayo. Afadhali uyasikie kwangu kuliko uyafanye mwenyewe.

Mwanaisha alizaliwa miaka ile ya foleni. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Ukiona watu wamejipanga unajiunga kwanza, kisha ndipo unauliza kinachouzwa. Mke wangu Biubwa ni mtu wa Pemba. Uchungu ulimshika alfajiri ukamtesa mchana kutwa na usiku kucha, na mtoto alipotoka hakulia. Wakunga walimhangaikia, wakamsugua, wakampiga makofi ya nyayo. Alipolia hatimaye, sauti yake ilikuwa kama ya kinda la kuku. Tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Watoto waliozaliwa mtaani wakati mmoja naye walipoanza kukaa, yeye shingo yake ilikuwa bado inaanguka kama jani la mgomba lililovunjika. Vidole alivikunja ndani ya viganja, akavikaza. Biubwa alikuwa akivifungua kimoja kimoja ili amwoshe humo ndani, kwa maji matupu siku ambazo sabuni haikupatikana. Halafu miguu ikaanza kupishana kama mkasi. Masika ya pili ya maisha yake ndipo degedege lilipokuja, na lilipokuja halikubisha hodi.

Tuliishi na mama yangu, Bi Mwanajuma. Degedege yeye alilitibu kwa kumfukiza mtoto moshi wa kinyesi cha tembo, kama alivyofukizwa yeye na wanawe wote. Hospitali walitupa vidonge, vilipokuwapo. Mara nyingi Biubwa alirudi na jibu la dirishani: "Hakuna, jaribu wiki ijayo." Wiki ijayo hakuna tena. Vipo vidonge vilivyotufikia kutoka Mombasa vimefungwa kwenye pindo la kanga ya mama mmoja mfanyabiashara, na sikuuliza alipitaje navyo mpakani.

Nasema "Biubwa alirudi" kwa sababu mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba kliniki ya watoto ni shughuli ya wanawake na kwamba mimi nina kazi. Ukweli ni kuwa niliona haya. Nilikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, nilitegemea kupandishwa cheo, na sikutaka nionekane nimembeba mtoto anayetokwa mate. Nyumbani tulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitamka. Nikija na mgeni, nilikohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi. Biubwa akisikia kikohozi changu, alimchukua Mwanaisha akamwingiza chumba cha uani. Wapo wafanyakazi wenzangu waliokula kwangu mara nyingi wasijue kwamba nina mtoto.

Sasa nikueleze habari ya kula, maana hapo ndipo roho ya mtoto huyu ilipokuwa ikining'inia.

Kwetu mtoto asiyetaka uji hulazwa chali mapajani. Mikono yake hubanwa, kiganja cha mlishaji huwekwa chini ya mdomo kikawa kama mfereji, na uji humiminwa. Mtoto akitaka kupumua, lazima ameze. Sote tulilishwa hivyo. Bi Mwanajuma alikuwa hodari wa kazi hiyo, hata majirani walimletea watoto wao wagumu. Basi Mwanaisha naye alilazwa. Alikohoa, akapaliwa, macho yakamtoka, lakini bakuli lilikwisha. Na kila baada ya muda mfupi kifua kilibana, akawa anavuta pumzi kama anayepandisha ndoo kisimani, na Biubwa akarudi naye hospitali kuchomwa sindano.

Sista mmoja wa chumba cha mazoezi, Mbondei, mwanamke mnene mwenye sauti ya ukali na mikono laini, ndiye aliyemfundisha Biubwa njia nyingine. Mtoto akae wima. Kichwa kielekee mbele kidogo, kisitupwe nyuma. Uji uwe mzito. Kijiko kidogo, kimoja, kisha ngoja mpaka ameze. Sista hakuwa na maneno mengi. "Kijiko kimoja, kisha ngoja," alisema, na akina mama wote wa pale walimwiga kwa sauti yake na kucheka.

Biubwa alimpelekea seremala vipimo, akatengenezewa kiti cha mbao za kreti chenye ukuta wa nyuma mrefu, akakifungia mshipi wa kitambaa. Alianza kumlisha mtoto adhuhuri, na alasiri ikiadhiniwa alikuwa bado yuko pale. Lakini vuli yote ile Mwanaisha hakulazwa hospitali. Mama yangu alipita akiangalia.

"Huo si ulishaji," alisema. "Huko ni kumtega ndege."

Nilicheka. Naam, nilicheka, na Biubwa akanisikia.

Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma ikaja habari kutoka Pemba kwamba mama yake Biubwa amepooza na anamtaka binti yake. Asingeweza kumbeba mtoto yule baharini. Jioni kabla ya safari alinikalisha mbele ya kiti.

"Baba Mwanaisha, hebu nitizame mie, usitizame redio. Namna hii. Unaona koo inavyopanda? Ikishuka, ndiyo kameza."

"Nimeona."

"Hujaona. Rudia nilivyosema."

"Kijiko kimoja, kisha ngoja. Mimi si mtoto, Biubwa."

Aliondoka asubuhi. Siku chache za kwanza nilijitahidi. Kisha nikachelewa kazini, nikakaripiwa mbele ya vibarua. Kesho yake mama alisema, "Lete huku mwanangu, wewe wende kazini," nikamletea. Wala sikumletea tu. Siku nilizokuwapo, mimi ndiye niliyebana mikono. Niliihisi inavyovuta, mikono ile midogo iliyokaza, nami nikaibana zaidi, kwa sababu alionekana kukonda na nilitaka Biubwa amkute amenenepa. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, amkute amenenepa.

Alipaliwa siku ya Ijumaa. Uji ulimtokea puani, midomo ikabadilika rangi. Alipata pumzi baadaye, mama akasema si kitu. Kufikia Jumapili mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Ndipo mimi, kwa mara ya kwanza, nilipombeba mwanangu nikapita naye barabarani mchana.

Pale kwenye benchi la hospitali walikuwa wanawake tu.

"Heh! Mama yake yuko wapi?" aliuliza mmoja.

"Kaenda kwao Pemba."

"Umemtimua?"

"Kaenda kumuuguza mamake."

"Basi mpakate vizuri baba, hilo si gunia la mkonge." Wote wakacheka. Lakini yule yule aliyecheka aliinuka akanionesha jinsi ya kumwegemeza begani ili apumue. Mwingine, tulipolazwa, alikata kipande cha sabuni yake kwa uzi akanipa nifulie nepi. Sabuni, miaka ile! Sikulijua jina lake, na mwanawe alifariki wodini siku hiyo hiyo usiku. Kipande chake cha sabuni nilikitumia mpaka kikawa kama ukucha.

Sista wa chumba cha mazoezi alipita wodini akamtambua mtoto. "Huyu alikuwa anaendelea vizuri. Mlikuwa mnamlishaje?"

"Amekaa," nilisema. "Kwenye kiti."

Uongo ule ulinitoka kirahisi, kama salamu. Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akakunja uso. Nadhani alianza kuitilia shaka njia yake mwenyewe.

Biubwa aliporudi, amevaa kaniki ya msiba kwa maana mama yake alikuwa amezikwa, alimkuta mwanawe nyumbani, hai, mwepesi kama ungo. Aliuliza lile lile aliloliuliza sista. Nami nikaongeza la kwangu: "Labda kiti chenu hicho ndicho kilichomdhuru. Mimi nilifuata kila ulilosema."

Hakubisha. Alikuwa amechoka na amefiwa. Alikichukua kile kiti akakipeleka uani, na nilisikia shoka. Jioni tulipikia zile mbao. Toka hapo akarudi kumlaza mtoto mapajani, akimwomba mama yangu amwelekeze.

Sitakueleza mengi ya wiki zilizofuata. Masika yalianza mapema, maji yakaingia uani, na kifua cha Mwanaisha kikabana tena vibaya kuliko mara zote. Wodini walimtia mpira wa kulishia puani, nao ulikuwa umetumika kabla yake, ukachemshwa. Daktari kijana alituambia kwa upole kwamba kifua hiki kikiingiwa na ugonjwa tena, mtoto hatapona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la kanga nikamsikia Biubwa akimwambia jirani yake wa kitanda:

"Ni mie. Nilimtengenezea kiti nikajiona najua. Nimemuua mwanangu kwa kiti, dada."

Nilitoka nyuma ya pazia.

"Biubwa, kiti hakikuwa na kosa. Hakukikalia."

Aligeuka. "Wanambia nini wewe?"

"Ulipoondoka tulimlaza. Mama alimimina, mimi nikabana mikono. Alipaliwa. Sikusema."

"Tangu lini mlimlaza?"

"Wiki ile ile uliyopanda boti."

"Na mie nikakipiga shoka." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kana kwamba anajikumbusha jambo la sokoni. Hakulia. Jirani yake alijigeuza upande wa ukuta kwa adabu. "Nenda kamwambie sista. Wewe, kwa mdomo wako. Ajue nini kilichoingia kifuani mwa mtoto, asiendelee kupapasa gizani."

Nilikwenda. Sista alinisikiliza huku akikunja mashuka. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Alisema tu, "Ungesema siku ile." Kisha akaninyooshea kijiko na kikombe cha maji. "Haya, nioneshe unavyoshika."

Niliporudi kitandani Biubwa alikuwa na neno moja zaidi. "Akipona, utamlisha wewe. Kila siku. Mie nimechoka kuogopa peke yangu."

Alipona. Sijui kwa sindano ipi, wala kwa dua ya nani, alipona. Mvua zikapungua tukarudi Mabawa, na kazi ya kwanza ilikuwa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuanzia leo Mwanaisha halazwi tena mapajani."

"Kasema nani?"

"Mimi."

"Wewe! Wewe niliyekulisha hivi hivi mpaka mashavu yakawa kama maandazi? Ulikufa?"

"Sikufa. Lakini mimi nilijua kumeza, mama. Huyu kumeza kwake ni kazi."

"Basi nisimguse mjukuu wangu! Sema tu, kikongwe kawa mchawi!"

"Umguse mama. Umpakate, umwimbie, umkande mafuta. Chakula niachie mimi."

Akanuna. Kwa muda mrefu shikamoo yangu aliijibia ukutani. Kisha asubuhi moja nikasikia kinu. Alikuwa anatwanga samaki mkavu, akichekecha, akitwanga tena, mpaka ukawa unga usiokwaruza koo. Aliniwekea bakuli. "Si kwa ajili yako," akasema.

Kiti kipya nilikitafutia mbao mwenyewe. Lakini Mwanaisha alikuwa ameyaweka yake moyoni. Akiona kijiko mkononi kwa Biubwa, alifungua mdomo. Akikiona mkononi kwangu, alikaza midomo na kugeuza uso mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Watu husema mtoto kama huyu hajui kitu. Alijua vizuri sana mikono iliyombana ni ya nani.

Nilikaa. Kila jioni baada ya kazi nilikaa mbele ya kiti kile na kijiko, nikala uji wangu mwenyewe mbele yake, polepole, nikapiga mluzi, nikamsimulia habari za stoo, ni marobota mangapi yametoka na nani kagombana na nani. Alikataa. Biubwa akaja kummalizia. Kusi likaanza, akakataa. Jirani alichungulia juu ya ua akasema, "Baba Mwanaisha, siku hizi umekuwa yaya?" Nikamjibu ndiyo, na kama ana mwana wa kulisha amlete.

Kikohozi cha mlangoni nacho nilikiacha. Mgeni alipokuja alimkuta Mwanaisha ukumbini, na aliyetaka kukodoa macho alikodoa.

Siku alipofungua mdomo nilikuwa katikati ya habari ya panya aliyezaa ndani ya robota la singa za mkonge. Sijui kama ni panya aliyemfurahisha. Midomo ililegea, ikaachana. Nilitia kijiko. Akafumba. Kwa furaha nikawahi na cha pili.

"Ngoja!" Biubwa alikuwa mlangoni. "Koo hujaisikia."

Nikangoja. Kuna mlio mdogo, kama tone linaloanguka mtungini. Ukiusikia, ndipo unajaza kijiko. Miezi mingi nilikuwa nimeutazama mdomo wa mtoto huyu, na siku ile ndiyo niliyoanza kuusikiliza. Tangu hapo sijawahi kumlisha redio ikiwa imewashwa.

Miaka ya ruksa ilikuja na mambo yake. Sabuni zikajaa madukani, za rangi na za harufu, na mimi nikanunua mche mzima nikausimamisha kwenye rafu kama pambo. Vidonge vya degedege vikapatikana katika maduka ya dawa ya watu binafsi, kwa mwenye nacho. Hospitalini nako tukaanza kuambiwa tuje na glovu na sindano zetu. Kiwanda kikapunguza watu, nami nikawa katika waliotangulia. Nilirudi nyumbani mchana, nikakaa kizingitini na viatu vyangu vya kazi. Biubwa, ambaye kwa wakati huo alikuwa akiuza mitumba, alinitazama kidogo, akaniletea bakuli na kijiko. "Mie nawahi sokoni," akasema. "Mwenzio hajala." Basi ikawa hivyo. Yeye akaishikilia nyumba, mimi nikamshikilia mtoto. Nilikuwa na uchungu wa kazi, sikufichi, lakini adhuhuri mpaka alasiri ikawa yangu mimi na Mwanaisha, bila mtu wa kunikaripia.

Yeye sasa ni mtu mzima. Hatembei, na maneno hana, ila kucheka anacheka, na kifua chake tunakichunga kama yai. Mama yangu alikufa zamani, mikono yake ikinukia mafuta aliyokuwa akimkandia. Biubwa amenisamehe kwa namna yake, yaani hataji, na mimi sijidai kwamba deni limefutika. Wewe uliye benchini, wapo watakaokuambia mtoto anakuchelewesha. Ni kweli, anakuchelewesha. Mchelewe wote wawili. Na kama umekosea, mwambie anayemtibu leo, kabla ya jua kutua. Aibu yako haina uzito wa pumzi yake.

Nikumalizie na Idd ya kwanza baada ya kuachishwa kazi. Mdogo wangu Kombo alitualika kwake Usagara. Alikuwa amefanikiwa, ana duka, ana seti ya makochi, na wageni wake walikuwa watu wa duka kama yeye. Nilimbeba Mwanaisha mgongoni, mkubwa tayari, miguu yake ikinipiga mapajani. Kombo alinipokea mlangoni akaninong'oneza kwamba wanawake wako uani, nimpeleke huko ale na mama yake. Nikamwambia mlishaji wake ni mimi. Nikaingia naye, nikakaa kwenye mkeka, nikamwegemeza kifuani pangu wima, na shingo yake nikaizuia kwa kiwiko.

Sinia ilikuja. Wanaume wakanawa. Niliponda pilau kwa mchuzi katika kisahani chake, nikampa kijiko cha kwanza. Alikohoa kidogo, akanitemea chote, punje zikatapakaa kifuani kwangu na nyingine kwenye goti la mgeni. Niliangua kicheko cha kweli, maana naye alikuwa anacheka, nikamfuta mgeni goti, nikajaza kijiko kingine.

Alipokea. Akatafuna anavyotafuna yeye, taya likienda kando. Mikono ya watu ilikuwa imesimama juu ya sinia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa pale na hakuna aliyetaka kutangulia.

"Kaka," Kombo alisema, uso umemwiva, "pilau inapoa."

Nilikuwa nimeinamisha sikio karibu na koo la Mwanaisha.

"Iache ipoe," nikamwambia.